Mbwa wa jirani ana miaka 9, mwanangu miwili na nusu: nimchukue?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Arusha, nyumba ya kupanga yenye uzio. Jirani zetu, mzee mmoja wa Kiholanzi na mkewe, wanarudi kwao mwisho wa mwezi ujao na hawawezi kuondoka na mbwa wao, Tausi. Ni jike, mchanganyiko wa Jamani shepadi na mbwa wa hapa hapa, ana miaka 9. Wametuomba tumchukue sisi. Mwanangu Imrani ana miaka miwili na nusu, mchana anabaki na dada wa kazi na bibi yake. Mume wangu anasema mbwa mzee ni mzigo, tutafute kitoto cha mbwa kikue pamoja na mtoto. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, hataki kusikia habari ya mbwa ndani kwa sababu ya mate. Mimi Tausi namhurumia, na kusema kweli mwaka jana tuliibiwa. Je, ni salama? – Mama Imrani

JIBU: Marahaba, Mama Imrani. Poleni kwa wizi.

Umenieleza habari za mumeo, mama mkwe, jirani na Tausi mwenyewe. Dada wa kazi umempitia kwa maneno mawili tu, nami napenda kuanza naye. Saa nne asubuhi wewe uko kazini, mumeo yuko kazini, bibi labda amejilaza. Yupo dada, yupo Imrani, na mkikubali, yupo Tausi. Swali lako liko hapo.

Wengi wanaoniletea mbwa huniuliza kama "anapenda watoto". Miaka yote hii sijapata namna ya kulijibu hilo. Nawajua mbwa wapole, wapole kweli, waliomng'ata mtoto wa nyumbani siku moja tu maishani mwao, na siku hiyo ikatosha. Nawajua pia mbwa wakali walioishi na watoto mpaka wakafa kwa uzee bila hata mkwaruzo, kwa kuwa palikuwa na mlango kati yao na mtu mzima mwenye macho. Mtoto wa umri wa Imrani ukimwambia asivute mkia anaitikia "haya", kisha anauvuta, maana mkia umetikisika. Hana kosa. Na mbwa wa miaka 9 anaweza kuamka leo nyonga inamuuma kuliko jana. Hao wawili hawategemeki. Mlango na mtu mzima ndivyo vya kutegemea.

Kwa hiyo, kabla hujaenda kwa jirani, kaa na dada peke yenu, mumeo asiwepo, umuulize kama anaogopa mbwa. Muulize kwa namna inayomruhusu kusema ndiyo. Wasichana wengi wanaokuja mjini kufanya kazi wamekulia mahali ambapo mbwa ni kitu cha kurushiwa jiwe, na wengine walishakimbizwa njiani wakienda shule. Mtu anayeogopa, akiachwa na mbwa mkubwa kutwa nzima, atafanya anachofanya mtu yeyote mwenye hofu: atamwagia maji, atampiga ufagio, au atamfungia juani mpaka mrudi. Ninyi hamtaona kitu. Mtaona tu kwamba baada ya wiki tatu Tausi amekuwa mkali, mtashangaa, na mtasema ni uzee. Simlaumu dada hata kidogo. Hakuajiriwa kulea mbwa. Akikubali, muongezeeni kitu kwenye mshahara, maana kazi imeongezeka. Akisema hapana, basi ni hapana, na barua hii huna haja ya kuisoma zaidi.

Tuseme amekubali.

Mumeo ana hoja juu ya kitoto cha mbwa, na ni hoja ninayoisikia kila wiki, ila ameigeuza kichwa chini. Kitoto cha mbwa cha miezi mitatu kina meno kama sindano na kazi yake kutwa ni kuyajaribu: kwenye viatu, kwenye pindo la gauni, kwenye vidole vya mtoto. Hakijui haja kubwa inaendwa wapi. Kinamrukia mtoto na kumwangusha, mtoto akilia kinadhani mchezo umenoga. Mtakuwa na watoto wawili wa miaka miwili, mmoja ana manyoya. Tena miji yetu ina parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua vitoto vya mbwa kwa siku chache, na chanjo zake ni za kurudiarudia. Na juu ya yote, hakuna anayejua kile kitoto kitakuwa mbwa wa namna gani. Dirisha la kumzoesha mbwa na watu, watoto na makelele linafunguka akiwa na wiki tatu hivi na kuanza kufunga kwenye wiki ya 12 au 14. Ukinunua kitoto barabarani hujui kilipitisha wiki hizo wapi, labda kwenye boksi.

Mbwa wa miaka 9 ameshakuwa alivyo. Kama ana tabia ya kukimbiza pikipiki, jirani anaijua. Kama anaogopa radi, jirani anajua anajificha wapi. Amemaliza kutafuna viatu. Anataka kivuli, chakula kwa saa yake, na mtu wa kukaa karibu naye jioni. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo mimi ningemchagua mbwa mtu mzima ninayejua historia yake kabla ya kitoto nisichokijua, na ninyi mna bahati: historia inakaa ng'ambo ya ukuta.

Ila tusidanganyane kuhusu mwili wake. Kwa mbwa wa ukubwa huo, miaka 9 ni uzee. Aina ya shepadi inajulikana kwa nyonga mbovu, na hata akiwa mchanganyiko, mtazame anavyoinuka asubuhi: anajivuta kwa miguu ya mbele? Anasita kwenye ngazi? Analamba goti lilelile kila wakati? Mara nyingi hiyo ni baridi yabisi, na mbwa hailalamikii kama sisi. Huendelea kutembea, kisha mtoto anamwegemea kiuno, anageuka na meno. Mkaguzi wa juujuu atasema "mbwa amebadilika". Hajabadilika, ameguswa panapouma.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo wakati bado ni mbwa wa jirani, na gharama ya uchunguzi huo waombeni wao, ni haki. Daktari afungue mdomo. Ukoga mwingi kwenye magego, fizi zilizovimba au jino lililooza ni maumivu ya kila siku, na mbwa mwenye jino bovu hapendi kuguswa uso, mahali ambapo mtoto anapenda kugusa. Aangalie macho. Ukiona ukungu wa rangi ya samawati, usikimbilie kusema ni mtoto wa jicho. Mara nyingi ni lenzi kukomaa kwa umri na mbwa bado anaona vizuri. Mtoto wa jicho halisi huwa mweupe zaidi na hupunguza kuona. Masikio mtajipimia wenyewe: amelala, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Kama haamki, kumbuka hilo, maana mbwa asiyesikia hushtuka akiguswa usingizini, na anaweza kung'ata kabla hajafungua macho sawasawa. Apimwe pia damu kwa magonjwa ya kupe.

Uliza kama amefungwa kizazi. Hili kwa jike wa miaka 9 ni kubwa, na watu hulisahau. Jike ambaye hajafungwa anaweza kupata usaha kwenye kizazi, kwa kawaida wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume: anakunywa maji kupita kiasi, hali, anazubaa, wakati mwingine anatoa uchafu nyuma, wakati mwingine hatoi kitu na ndiyo hatari zaidi. Akicheleweshwa anakufa. Operesheni kwa mbwa mzee ina hatari yake ya usingizi wa dawa, lakini kuifanya akiwa mzima ni bora mara nyingi kuliko kuifanya usiku ameshalemewa. Daktari aguse na matiti yake yote, moja moja, kutafuta uvimbe.

Ikionekana ana maumivu ya viungo, zipo dawa za mbwa na zinasaidia sana. Nakuomba sana usimpe diclofenac wala ibuprofen ya watu. Najua ziko kwenye droo ya kila nyumba. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na nimepokea mbwa wa namna hiyo ambao sikuweza kuwarudisha.

Sasa tabia. Usimuulize jirani kama Tausi ni mpole. Kila mwenye mbwa atakwambia ni mpole, hata mwenye bandeji mkononi. Muulize hivi: mara ya mwisho alipoonyesha meno ilikuwa lini, na kwa sababu gani? Mbwa wa miaka 9 ambaye hajawahi kabisa ni nadra. Ukijibiwa "hajawahi", uliza kwa njia nyingine: nini hapendi kufanyiwa? Mnamuogesha vipi? Mkimpa mfupa, nani anaweza kuupokea tena? Wajukuu wakija likizo, mlikuwa mnamweka wapi? Hilo la mwisho lisikilize vizuri. Kama siku zote watoto walipokuja Tausi alifungiwa bandani, basi hana uzoefu wa watoto hata kama wenyewe wanaamini anao. Haimaanishi ni mbaya. Maana yake mnaanzia sifuri.

Yapo majibu ambayo yangenifanya nikuambie uache mara moja: aliwahi kumng'ata mtoto, analinda sahani kwa meno dhidi ya watu wake mwenyewe, au anapomwona mtoto anakimbia anaganda, mwili mgumu, macho hayapepesi, mdomo umefungwa. Kubweka getini kwa mgeni hakunitishi. Kule kuganda kimya ndiko kunakonitisha.

Kisha nyumba, na hapa nitamgeukia mama mkwe wako, kwa sababu katika nyumba nzima naona yeye ndiye aliyekaribia zaidi jibu sahihi, ingawa kwa sababu nyingine. Mimi si shehe, lakini nimefanya kazi Tanga na ninajua anachosema: kwa madhehebu ya Shafii, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo, na wanazuoni wengi wanaruhusu mbwa wa ulinzi akae sehemu yake. Anachotaka mama ni mpaka. Mbwa aishie hapa, vyombo, nguo za swala na mikeka viwe kule. Huo mpaka ndio huohuo ninaoutaka mimi kwa ajili ya Imrani. Mwambie daktari amekubaliana naye, atafurahi, na mtakuwa mmepata mlinzi wa pili wa mlango asiyelala.

Mwite fundi wa kuchomelea akutengenezee kigeti cha nondo kati ya kibaraza cha nyuma na ndani, na kingine kama ua wenu unagawanyika. Nondo ziwe za kusimama, zisiwe na mlalo wa kupandia, na nafasi kati yake isipitishe kichwa cha mtoto. Komeo liwe juu, upande wasiofikia watoto. Upande wa Tausi awe na sehemu yenye paa, isiyopigwa na upepo, na kitu cha kulalia kilicho juu ya saruji: godoro kuukuu ndani ya gunia, au kitanda cha mbao cha sentimita 15 kutoka chini. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai unaijua. Mbwa mwenye nyonga mbovu akilala kwenye sakafu ya saruji miezi hiyo ataamka na hasira, na hasira hiyo itamkuta mtoto. Sehemu hiyo ni yake. Imrani haingii, hata Tausi akiwa hayupo, hata mpira ukiangukia huko. Mpira ataufuata dada.

Na usimfunge mnyororo mchana na kumfungua usiku, desturi iliyoenea kwetu. Mbwa aliyefungwa hana njia ya kuondoka mtoto akimjia, na mbwa asiye na njia ya kuondoka amebakiwa na meno. Kigeti kinamlinda mtoto na wakati huohuo kinampa mbwa mahali pa kumkimbia mtoto. Usilione hilo la pili kuwa dogo.

Wakiwa pamoja upande mmoja, mtu mzima awe hapo, anaangalia. Kupakua ugali si kuangalia, kujibu simu si kuangalia. Ukitaka kugeuka hata dakika moja, mmoja anavuka kigeti. Nasema hivi kwa sababu watoto wadogo mara nyingi hung'atwa nyumbani, na mbwa wanayemjua, na kwa kimo chao wanang'atwa usoni na kichwani.

Dada, bibi, wewe na mumeo wote mjue Tausi anasemaje. Mbwa huanza kusema mapema, kwa sauti ndogo. Anageuza kichwa pembeni. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Analamba pua yake wakati hakuna chakula. Anakutazama kwa pembeni mpaka unaona weupe wa jicho umekaa kama mwezi mchanga. Anainuka na kuondoka. Zote hizo ni "niondoleeni huyu mtoto" zilizosemwa kwa adabu. Mkia unaotikisika usiwahadae. Mkia wa chini na mlegevu unaosogeza na kiuno ni wa amani, mkia uliosimama mgumu na kutikisika kidogo kidogo si wa amani.

Na akinguruma, msimpige. Hapa nina deni langu mwenyewe. Nilikulia Rombo, nyumbani tulikuwa na mbwa aliyeitwa Chui. Alikuwa ananguruma mdogo wangu akimsogelea wakati anakula. Baba akawa anamchapa kila anaponguruma, nami nikishika fimbo nikijiona mkubwa, mpaka akaacha. Tulifurahi, mbwa ameshika adabu. Msimu huo wa kahawa haujaisha alimng'ata mdogo wangu shavuni, kimya, bila hata kuinua mdomo. Chui aliuawa jioni hiyohiyo. Ilinichukua mpaka nilipofika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, mhadhiri akielezea jambo lingine kabisa, ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa tumemchapa ile kengele mpaka ikanyamaza, na lililokuwa likimsumbua tukaliacha palepale. Mbwa akinguruma, mwondoeni mtoto kwa utulivu, kisha kaeni mfikirie alikuwa analinda nini au alikuwa anaumwa wapi.

Imrani afundishwe, ingawa msitegemee somo hilo kwa miaka miwili ijayo. Kanuni ninayowapa watoto ni moja: mbwa ndiye anayekuja kwetu, sisi hatumfuati. Ukae chini na Imrani mapajani, Tausi akija mwenyewe, mshike mkono mtoto, kiganja kikiwa wazi, mpapase begani au ubavuni mara tatu, kisha acheni. Mkiacha, akisogea karibu anataka zaidi. Akikaa tu au akiangalia pembeni, imetosha. Hakuna kumkumbatia shingo, hakuna kumpanda mgongoni, hakuna picha za kumlaza mtoto juu ya mbwa za kutuma kwenye makundi ya familia. Kila nikiona picha hizo naangalia macho ya mbwa, sioni kitu kingine.

Chakula ndicho kisa cha ugomvi mwingi kuliko kitu kingine. Mtoto wa kimo cha Imrani anatembea na andazi lililo sawasawa na pua ya mbwa. Atakapokuwa anakula, kigeti kifungwe. Tausi atakapokuwa anakula, kigeti kifungwe, na sahani iondolewe akimaliza. Aendelee na chakula alichozoea kwa jirani, mkibadilisha mbadilishe taratibu kwa wiki nzima. Ugali na dagaa si vibaya mkiongeza nyama au maini na mboga kidogo. Vitunguu vya aina zote viepukeni, na mifupa ya kuku iliyopikwa pia, inapasuka vipande vikali. Na unga uliopata ukungu msimtupie mbwa mkidhani tumbo lake ni la chuma. Ile sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 inaua na mbwa, tena mbwa ni mwepesi zaidi kudhurika, ini lake linachakaa haraka.

Minyoo na kichaa, kwa ufupi upande wa minyoo na kwa ukali upande wa kichaa. Apewe dawa ya minyoo kabla hajahamia, halafu kila miezi mitatu. Kinyesi kiokotwe kila siku: mayai ya minyoo ya mbwa huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kwenye udongo kabla hayajaweza kumwambukiza mtoto, kwa hiyo ukiokota leo umeshamaliza kazi, ukiacha mwezi mmoja udongo ule ambao Imrani anaula akidhani humwoni umeshachafuka. Mchanga wa kuchezea ufunikwe.

Kichaa cha mbwa. Omba kadi ya chanjo, uione kwa macho yako, tarehe na muhuri. Kama mwaka umepita, achanjwe sasa, na baada ya hapo kila mwaka. Halmashauri nyingi huchanja kwa bei ndogo au bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba asilimia 99 hivi ya watu wanaoambukizwa kichaa hupata kwa mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikianza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla hazijaanza, chanjo inaokoa. Kwa hiyo mbwa yeyote akimng'ata au kumkwaruza mtoto mpaka ngozi ikachubuka, awe Tausi mwenye kadi au mbwa wa njiani: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa kutazama saa, hata akilia, halafu hospitali siku hiyohiyo. Msipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala majani. Na mbwa msimuue. Afungiwe, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya hizo siku 10, mate yake hayakuwa na kichaa siku ile.

Kuhusu kuhama kwenyewe, mna kitu ambacho wanaochukua mbwa wa mbali hawana: muda na ukuta mmoja. Anzeni wiki hii. Mumeo au wewe mumtembeze jioni pamoja na jirani, kamba akishika jirani, siku ya tatu mshike ninyi. Imrani awepo mara moja moja, mabegani kwa baba yake, kwa umbali. Kisha Tausi aje kwenu kwa saa mbili mtoto akiwa amelala, anuse ua, akojoe anapotaka, arudi kwao. Kisha kutwa. Alale kwenu usiku kadhaa kabla jirani hawajapakia masanduku, na aje na blanketi lake lisilofuliwa na sahani yake. Hata hivyo, wakishaondoka, tegemeeni kwamba ataenda kukaa kwenye geti lao la zamani. Mbwa wa umri huo anaweza kufanya hivyo kwa wiki kadhaa. Hakikisheni geti lenu halina upenyo chini, na mkimkuta kule mleteni bila kumgombeza. Kama kwa siku za mwanzo hali vizuri au anajificha, mwacheni. Akizidisha siku mbili bila kula kabisa, mpelekeni kwa daktari.

Ulinzi nao: atabweka, na kwa mwizi wa kawaida kubweka kunatosha. Msimtarajie kupigana na mtu. Kama shida yenu kubwa ni wizi, wekeni taa na kufuli bora kabla ya mbwa.

Mumeo ana haki kwenye neno "mzigo", sitaki umwone mpinzani. Mbwa wa aina hii na umri huu mara nyingi amebakiwa na miaka miwili, mitatu, minne akijaliwa, na sehemu ya mwisho ina gharama za dawa, kuamka usiku, labda kukojoa alipolala. Imrani atakuwa na miaka mitano au sita, atauliza Tausi kaenda wapi. Kaeni wawili muamue kabla, mtatenga kiasi gani kwa mwezi, na nani atasema "sasa tumpumzishe" siku ikifika. Waulizeni jirani kama wanaweza kuacha kiasi fulani kwa matibabu ya mwaka wa kwanza. Mtu anayempenda mbwa wake hakasiriki kuulizwa hivyo. Na nyumba ni ya kupanga: mwenye nyumba akubali kwa maandishi, maana nimeona mbwa wakirudishwa barabarani kwa simu moja ya mwenye nyumba.

Ningekuwa mimi, kwa haya uliyoniandikia, ningeelekea kumchukua, kigeti kikiwa kimeshachomelewa kabla hajaingia na cheti cha daktari kikiwa mkononi. Na ningejiwekea ruhusa ya kurudi nyuma. Mkiona baada ya mwezi mmoja dada anatetemeka au Tausi anaganda kila Imrani akipita, kumtafutia nyumba isiyo na mtoto ni uungwana, na ni rahisi zaidi jirani wakiwa bado wanapokea simu. Arusha wapo watu na vituo vinavyosaidia kuwatafutia mbwa makazi. Anza kuulizia sasa, kabla hujahitaji.

Nenda kesho jioni, saa ile wanapomlisha, peke yako bila Imrani. Simama mbali, usimsemeshe, mtazame anavyokula na anavyomtazama anayempita karibu. Ukirudi, kabla hujamwambia mumeo lolote, ingia jikoni ukae na dada.